WhatsApp inakataa kunifungulia na namba ya Telegram haifiki: simu ina VPN iliyotoka Dubai

MshonajiMakorora

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwa wasio Waislamu. Mimi ni mshonaji, nina cherehani mbili hapa Makorora, Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu hupita WhatsApp: mteja hunitumia picha ya mshono anaoutaka, nami humrudishia bei, kisha kitambaa huletwa na kijana wa bodaboda au hupakiwa kwenye gari la Muheza au Pangani. Wiki iliyopita mdogo wangu alirudi kutoka Dubai alikokuwa akifanya kazi, akanipa simu aliyokuwa akiitumia kule, kwa kuwa yangu imepasuka kioo na sehemu yake ya juu haisikii kidole. Alifuta picha zake na kuondoa akaunti zake, lakini programu nyingine aliziacha, ikiwemo VPN, yaani programu inayopitisha intaneti ya simu kwenye seva (kompyuta kubwa ya mtandaoni) ya nchi nyingine, ambayo anasema kule ilikuwa haiepukiki kwa sababu bila hiyo alikuwa hawezi kumpigia mama kwa WhatsApp.

Juzi niliitoa laini kwenye simu ya zamani nikaiweka kwenye hii. Nikiandika namba yangu na kubonyeza kuendelea, WhatsApp inazunguka kwa muda, kisha inanieleza kwamba kwa sababu za kiusalama haiwezi kuniingiza kwa sasa. Nilirudia mara sita au saba, nikaifuta na kuipakua upya, na sasa inanitaka nisubiri zaidi ya saa 11 kabla ya kuomba namba nyingine ya uthibitisho. Telegram yenyewe inasema namba imekwisha kutumwa, lakini mimi sijaona meseji yoyote. La ajabu zaidi ni kwamba nilijiunga kifurushi cha wiki cha mitandao ya kijamii, na badala ya kutumika hicho, salio la kawaida ndilo lililokatwa mpaka likaisha. Nina nguo za harusi za kukabidhi na wateja hawanipati. Je, tatizo ni simu, ni laini, au ni hiyo VPN? Nikiiondoa, simu itaendelea kupiga WhatsApp kama kawaida?

FundiSimu_Ngamiani

Wa alaykum salaam, dada. Kwanza kabisa nakuomba usibonyeze tena kuomba namba, hata ukishawishika. Muda wa kusubiri unahesabiwa kwenye seva za WhatsApp dhidi ya namba yako, hauhesabiwi ndani ya simu, kwa hiyo kufuta programu na kuipakua upya hakuuondoi, na kila ombi jipya linaweza kuurefusha. Acha uishe wenyewe, na wakati huo tutengeneze mambo mengine.

Ili uelewe kilichotokea, tenganisha safari mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Safari ya kwanza ni ombi: simu yako inaiambia WhatsApp kwamba namba fulani inataka kusajiliwa kwenye kifaa hiki. Ombi hilo linakwenda kwa intaneti, na VPN ikiwa imewashwa linapita ndani yake. Safari ya pili ni meseji yenye tarakimu sita, ambayo haiji kwa intaneti hata kidogo. Inakuja kwa njia ileile inayoleta meseji za kawaida kutoka kwa jirani yako, na VPN haiwezi kuigusa. Ndiyo maana huwa simwelewi mtu anayesema VPN imeizuia meseji. Kinachotokea ni kwamba ombi lilikataliwa kule mbele, na meseji haikutumwa kabisa.

Sababu ya kukataliwa ni hii. VPN hufanya kazi kama mtu anayechukua mzigo wako Makorora, akaufunga ndani ya gunia jingine, akaupitisha ghala lake lililoko nchi nyingine, na anayeupokea akaona jina la ghala tu. Jina hilo ndilo anwani ya IP, nayo haiwi yako peke yako: mamia ya watu wanaotumia VPN hiyo hutoka na anwani hiyohiyo, na kwenye VPN za bure hawakosekani wanaofungua akaunti nyingi kwa ajili ya kusambaza utapeli. WhatsApp ikiona anwani moja ikiomba usajili wa namba za nchi mbalimbali ndani ya saa moja, inaifungia mlango. Wewe uliingia na namba ya Tanzania kupitia ghala la watu wengi, ukabisha hodi mara saba mfululizo. Kwa mlinzi wa mlango hukuwa na tofauti na wale wengine.

Kuhusu swali lako la mwisho, jibu litakufurahisha. Kizuizi cha kupiga simu kwa WhatsApp kiko kwenye mitandao ya Falme za Kiarabu, hakiko ndani ya simu. Kifaa kikishatoka kule na kuunganishwa na mtandao wa hapa, kinapiga kama simu nyingine yoyote. Mdogo wako alikuwa na haja ya VPN Dubai. Wewe hapa Tanga huna haja nayo kwa kazi hiyo.

Na kifurushi chako hakikuibiwa. Kifurushi cha mitandao ya kijamii kinategemea kampuni ya simu kutambua kwamba data hii inakwenda WhatsApp na ile inakwenda kwingine. VPN inafunika kila kitu, kwa hiyo kampuni inaona data isiyojulikana inakwenda kwenye seva fulani ya nje, nayo inaikata kwenye salio la kawaida. Hili nimelieleza kwa wateja wengi hapa dukani, maana linawaumiza na hawajui chanzo chake.

Sasa naomba unijibu haya. Juu ya kioo, karibu na alama ya mtandao, unaona alama ndogo ya ufunguo? Unapoandika namba, nchi iliyochaguliwa ni ipi, na je, unaanza na sifuri? Meseji za kawaida zinaingia kwenye laini hiyo? Tarehe ya simu ni sahihi? Na simu ya zamani, pamoja na kupasuka kwake, bado inawaka?

KijanaUsagara

Dada, usihangaike na maelezo marefu. Badilisha seva ya VPN, chagua nchi nyingine, ikikataa chagua nyingine tena, mojawapo itakubali. Ikishindikana kabisa pakua GB WhatsApp, hiyo haina masharti mengi.

FundiSimu_Ngamiani

Mdogo wangu, najua una nia ya kusaidia, lakini katika haya mawili siwezi kukaa kimya. Kubadilisha nchi kila baada ya dakika tano kunafanya namba moja ionekane iko Uholanzi, kisha Singapore, kisha Marekani, ndani ya muda ambao hata ndege haijaruka. Hakuna jambo linaloongeza shaka kuliko hilo. Ama GB, hiyo si programu ya WhatsApp wenyewe. WhatsApp huzifungia kwa muda namba zinazotumia programu za namna hiyo na zinaweza kufungiwa moja kwa moja, na aliyeitengeneza hajulikani anafanya nini na mazungumzo yanayopita ndani yake. Mtu anayepokea malipo ya wateja kwa namba hiyo hastahili kushauriwa hivyo.

MshonajiMakorora

Nashukuru sana, kaka fundi. Alama ya ufunguo ipo, na ninapoizima VPN inarudi yenyewe baada ya muda mfupi. Nchi iliyokuwa imechaguliwa ni Falme za Kiarabu, yaani +971, na mimi nilikuwa naandika namba yangu kuanzia sifuri bila kuitazama hiyo ya mbele. Nadhani mara mbili au tatu za kwanza ziliharibika kwa sababu hiyo, kisha nikairekebisha. Meseji za kawaida zinaingia, nimemwomba shoga yangu anitumie moja na imefika palepale. Tarehe ni sahihi, ila saa iko mbele kwa saa moja. Simu ya zamani inawaka, iko kwenye droo ya cherehani.

FundiSimu_Ngamiani

Saa iliyo mbele kwa saa moja ni saa ya Dubai, haikuleta tatizo hili. Programu hushindwa kuunganika pale tarehe inapokuwa imekosewa kwa siku nyingi au miaka, kwa sababu vyeti vya usalama vya seva vina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na simu ikidhani tuko mwaka mwingine inaona cheti hakifai. Hata hivyo iweke ijirekebishe kwa mtandao.

VPN inayojiwasha yenyewe imewekewa amri ya kuwa hewani wakati wote. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mtandao, kisha VPN, ubonyeze alama ya gurudumu pembeni ya jina lake. Utakuta vitufe viwili: kimoja cha kuiacha iwake daima, na kingine cha kuzuia intaneti yoyote isiyopita ndani yake. Vizime vyote viwili ndipo uiondoe programu. Ukizima VPN huku kitufe cha pili kimebaki, simu itaonekana ina mtandao lakini hakuna kitakachofunguka, nawe utadhani laini imeharibika. Nikiletewa simu ya mtu aliyerudi kutoka Uarabuni haifungui kitu, hapo ndipo ninapoanzia.

Lakini kabla hujaingia WhatsApp kwenye simu mpya, sikiliza hili kwa makini, maana ndilo litakalokuuma baadaye kuliko yote. Ukishathibitisha namba kwenye simu mpya, WhatsApp ya simu ya zamani itajitoa. Kama hujaweka nakala rudufu ya mazungumzo, vipimo vya wateja wako vitabaki kwenye simu ambayo huwezi kuifungulia. Kwa bahati nzuri WhatsApp ya simu ya zamani bado imo ndani. Kutoa laini hakuifungi. Iunganishe na intaneti, kwa waifai ya mtu au kwa kurushiwa data kutoka simu nyingine, kisha ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya mazungumzo, uagize ihifadhi nakala kwenye akaunti yako ya Google. Tambua kwamba nakala hiyo inakwenda Google, kwa hiyo kifurushi cha mitandao ya kijamii hakitaibeba. Unahitaji data ya kawaida au waifai. Kwa kuwa kioo hakisikii juu, washa mzunguko wa skrini na uilaze simu ubavu, ile sehemu iliyokufa ije upande wa kushoto. Vile vidoto vitatu vya menyu hukaa kona ya kulia, kwa hiyo vitakuwa mahali panaposikia kidole.

Na Telegram usiiombe tena. Telegram ikiona akaunti yako iko wazi kwenye kifaa kingine, namba ya kuingilia huipeleka kwanza ndani ya Telegram ya kifaa hicho, wala haitumi meseji ya kawaida. Simu yako ya zamani haina laini, kwa hiyo haina intaneti, kwa hiyo namba ilikuwa inakungoja ndani ya droo.

WakalaBandarini

Naongeza kidogo kwa faida ya wanaotumia VPN kwa sababu za kazi na hawawezi kuiondoa. Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga, na mfumo wetu wa nyaraka hatuuingii bila VPN ya ofisi. Kwa miezi kadhaa nilikuwa napata shida ya WhatsApp kubaki imeandika kwamba inaunganisha, mpaka nikajifunza kuitenga: VPN nyingi zina sehemu ya kuchagua programu zipi zipite ndani yake na zipi zipite nje. Mfumo wa ofisi unapita ndani, WhatsApp na huduma za fedha zinapita nje, na tangu hapo sijahangaika.

Kuna hitilafu nyingine ambayo fundi hakuitaja na ilitusumbua sana. Inatokea VPN imeunganika vizuri, kurasa nyepesi zinafunguka, lakini programu ya meseji haiingii na wala haikatai. Mara nyingi chanzo ni ukubwa wa pakiti, yaani vifurushi vidogo ambavyo data hukatwakatwa ili isafirishwe. Njia ya kawaida hubeba pakiti ya hadi baiti 1500, na VPN huongeza gamba lake juu ya kila pakiti, kwa hiyo ya ndani lazima ipunguzwe. WireGuard kwa mfano, ambayo ni aina moja ya VPN, hutumia 1420. Mtandao wa simu ukiwa na nafasi ndogo zaidi ya hapo, pakiti kubwa zinapotea njiani bila taarifa, ndogo zinapita. Tuliposhusha kipimo hicho, kinachoitwa MTU, hadi 1280 kwenye mipangilio ya VPN, tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Jambo la sheria pia lisisahaulike. Tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kwa shughuli zao kutoa taarifa za matumizi hayo, pamoja na anwani za IP, kabla ya tarehe 30 Oktoba mwaka huo, kwa kurejea kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020. Ofisi yetu ilijaza fomu. Mtu ambaye VPN imemfikia tu ndani ya simu aliyopewa, kama dada yetu, ana sababu moja zaidi ya kuiondoa.

MpakaniHorohoro

Kwa wale walio huku kwetu: meseji ya uthibitisho ikichelewa na huna VPN, tazama jina la mtandao juu ya kioo. Simu zetu hupenda kujishika na minara ya Kenya, na nikiwa kwenye mtandao wa ng'ambo meseji hizi kwangu huchelewa au hazifiki. Chagua mtandao wako kwa mkono, kisha ndipo uombe namba.

MzeeRaskazone

Mwanangu mshonaji, na vijana wote, nisameheni nikienda taratibu. Wakati mtu anahangaika kuingia kwenye akaunti yake ndipo matapeli humwendea. Mwaka uliopita nilikuwa katika hali kama yako, nikaandika shida yangu kwenye kundi moja, na baada ya muda mfupi nikapigiwa na kijana mwenye sauti ya upole akisema anasaidia wazee, nimsomee tarakimu sita zitakazoingia ili anifungulie. Nilimsomea. Jioni ile ndugu zangu wa Korogwe na Lushoto waliombwa fedha kwa jina langu, na wawili wakatuma. Bado nikimwona mmoja wao msibani naona aibu, ingawa alinisamehe.

Kwa hiyo tarakimu hizo asizisikie mtu, hata fundi huyu ambaye naona anaeleza kwa uaminifu. Namba ya tapeli tumeni kwa meseji kwenda 15040. Na kwa kuwa laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, piga *106# uhakikishe ni namba zako tu zilizo chini ya kitambulisho chako.

FundiSimu_Ngamiani

Shikamoo mzee, na pole sana. Umesema la maana: mimi mwenyewe sijawahi kuomba namba ya mtu, na mteja akija dukani humwachia aiandike kwa mkono wake.

MshonajiMakorora

Shikamoo mzee wangu, nimekusikia na nimemsomea mama maneno yako.

Narudi kuwaeleza ilivyokuwa. Vile vitufe viwili vilikuwa vimewashwa vyote, kama kaka fundi alivyosema. Nilivizima, nikaiondoa VPN, na alama ya ufunguo haikurudi. Jana usiku nilikwenda kwa jirani mwenye waifai, nikailaza simu ya zamani ubavu kama nilivyoelekezwa, na vidoto vitatu vikasikia kidole kwa mara ya kwanza tangu ipasuke. Nakala ilichukua kama dakika arobaini kwa sababu ya picha za mishono. Mara tu ilipopata intaneti, Telegram iliingiza namba tatu kwa mpigo, zile nilizokuwa naziomba juzi na jana. Zilikuwa zimekwisha muda wake, nikaomba moja mpya, ikaja palepale nikaingia.

Kwa WhatsApp nilisubiri mpaka leo saa nne asubuhi. Nilichagua Tanzania, +255, nikaandika namba bila ile sifuri ya mwanzo, nikaomba mara moja tu. Meseji ilifika kabla sijashusha simu mezani. Ikaniuliza kama nirejeshe mazungumzo, nikakubali, kwa kuwa akaunti ya Google niliyoiweka ni ileile. Vipimo vyote vipo, hata vya mwaka juzi. Nimempigia mdogo wangu kwa WhatsApp kutoka chumba cha pili ili aamini, amesikia vizuri bila VPN. Kifurushi nacho kimeanza kutumika.

Limebaki swali moja. Programu inanitaka niweke namba ya siri ya hatua mbili. Niiweke, au nitajifungia tena?

FundiSimu_Ngamiani

Iweke leo, dada, na uandike barua pepe yako inapokuuliza. Namba hiyo ina tarakimu sita, unaichagua mwenyewe, na mtu akiiba ile ya meseji bado atakwama hapo. Barua pepe ndiyo itakayokutoa ukiisahau. Bila hiyo utalazimika kusubiri siku 7. Usiweke tarehe yako ya kuzaliwa.

Na ile simu ya zamani usiitupe wala kuiuza kabla hujatoka Telegram iliyomo ndani yake.

MshonajiMakorora

Nimeiweka, na barua pepe nimeandika. Telegram ya simu ya zamani nimeitoa sasa hivi. Mteja wa Pangani tayari amenitumia picha ya mikono ya gauni, nami namkatia kitambaa.